Kusoma Uchumi Bila Kupanda Mlimani

Miongoni mwa watu wa kwanza kusoma uchumi kwa mbali katika Dar es Salaam walikuwa makarani wa serikali ya kikoloni. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, na Makerere ya Uganda, iliyotegemewa na Afrika Mashariki nzima, ilichukua vijana wachache sana kila mwaka. Karani wa reli, wa bandari au wa forodha aliyetaka cheti cha juu aliandika barua Uingereza. Tangu mwaka 1858 University of London ilikuwa imeruhusu watu kufanya mitihani yake bila kuhudhuria masomo chuoni, na vyuo vya posta kama Wolsey Hall cha Oxford, kilichoanzishwa 1894, viliishi kwa kuwaandaa watahiniwa wa namna hiyo. Masomo yaliletwa na meli, mwanafunzi akajibu maswali, akatia majibu katika bahasha, kisha akasubiri. Sahihisho liliporudi, mara nyingi alikuwa amekwisha sahau alichoulizwa.

Baadhi ya makarani hao waliishi katika nyumba za kota ambazo serikali ilijenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya Waafrika wa mjini, Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni. Siku hizo Temeke na Kinondoni zilikuwa pembezoni kabisa mwa mji, na nyuma yake kulikuwa na minazi na mashamba ya mihogo. Uchumi uliofundishwa ulikuwa wa Uingereza, bei zake kwa pauni na mifano yake ya viwanda vya huko. Mtu aliyeshinda bandarini akiandikisha marobota ya mkonge yanayopakiwa melini, zao lililokuwa uti wa mgongo wa nchi, alirudi nyumbani usiku kujifunza bei ya makaa ya mawe ya Uingereza. Pengo hilo kati ya somo na maisha ya msomaji lingedumu kwa miongo mingi.

Uhuru ulileta vyuo, lakini haukuongeza nafasi kwa kasi iliyotarajiwa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima cha upande wa Ubungo, na tangu hapo watu wa mjini wamekiita Mlimani. Mwaka huohuo wa 1961, ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari, Kigamboni, Chuo cha Kivukoni kilianza kupokea watu wazima, wakiwamo viongozi wa vyama vya wafanyakazi, vya ushirika na wa TANU, kwa kozi za miezi kadhaa. Uchumi ulikuwa miongoni mwa masomo yake makuu. Kivukoni kilifuata mfano wa Ruskin College cha Oxford, chuo cha wafanyakazi, na kilithibitisha jambo ambalo walimu wengi walikuwa na shaka nalo: mtu ambaye hakumaliza sekondari anaweza kuelewa biashara ya nje, bajeti na mgawanyo wa pato, mradi aelezwe vizuri. Hata hivyo ilimlazimu mwanafunzi aache kazi na kulala chuoni, na mfanyakazi wa kiwandani mwenye familia Temeke hakuweza hivyo.

Njia ya kuwafikia watu kama huyo ilipatikana redioni. Mwaka 1969 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakati huo ikiwa chini ya chuo kikuu, iliandaa kampeni ya redio iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Jina hilo lilikuwa pia la hotuba ya Mwalimu Nyerere, rais wa wakati huo, katika mkutano mkuu wa TANU wa Mei mwaka huo, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974. Wasikilizaji walijiunga katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu cha kuongozea mazungumzo. Kipindi kilisikilizwa, redio ikazimwa, watu wakajadili. Waliyoyajadili yalikuwa yaleyale yanayojaza sura ya kwanza ya kitabu chochote cha uchumi: fedha ni kidogo, mahitaji ni mengi, na shule inayojengwa leo ni zahanati isiyojengwa. Mfululizo huo ulifuatwa na Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, kisha Mtu ni Afya ya 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili. Kampeni ya mwaka 1969 ilikuwa ndogo mbele ya hiyo ya afya. Kwa historia ya somo la uchumi, hata hivyo, ina uzito wa pekee, kwa sababu ilifundishwa kwa Kiswahili, kwa mifano ya nchi yenyewe, kwa watu wasiotakiwa kuonyesha cheti chochote. Ni nadra kozi ya uchumi iliyofundishwa kwa mbali jijini baada ya hapo kutimiza yote matatu kwa pamoja.

Mapema miaka ya 1970 taasisi hiyohiyo, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha elimu kwa njia ya posta kwa nchi nzima, na mwaka 1975 Bunge likaifanya kuwa shirika linalojitegemea. Sasa bahasha hazikwenda tena Uingereza. Lakini nyumba za Manzese, Tandika au Keko hazikuwa na anwani, na posta ya Tanzania haikupeleka barua mlangoni. Masomo yalipitia sanduku la posta la kiwanda, la shule au la ofisi, na aliyehamishwa kazi aliweza kupoteza somo zima. Uhamisho wa kikazi ulikuwa wa kawaida sana katika mashirika ya umma ya wakati ule, na kwa sababu hiyo tu wengi walikwama bila kosa lao.

Azimio la Musoma la Novemba 1974, uamuzi wa TANU kuhusu elimu, liliongeza hamu ya kusoma ukiwa kazini. Kijana hakuweza tena kutoka kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi, na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Ghafla maofisi ya jiji yakajaa watu wenye umri wa miaka ishirini na kitu au thelathini waliojiona wanachuo watarajiwa. Nafasi za Mlimani zilibaki chache, na safari ya kufika huko ilikuwa adha. Kutoka Mbagala ni mwendo wa zaidi ya kilomita 15, na mpaka mwaka 1983, serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi, msafiri alitegemea mabasi machache ya shirika la umma la UDA yaliyokuwa yakiharibika kwa kukosa vipuri.

Wakati huohuo maisha yenyewe yalikuwa yakifundisha uchumi kwa ukali. Sheria ya mwaka 1973 iliipa Tume ya Bei mamlaka ya kupanga bei za bidhaa nyingi, kuanzia sukari na sabuni hadi vitenge. Baada ya vita vya Kagera dhidi ya Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta, bidhaa ziliadimika. Foleni zikaota kwenye maduka ya ushirika, na mafuta ya kupikia yakauzwa nyuma ya nyumba kwa bei ya kuruka. Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1986 ukatiwa saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mama wa Temeke aliyeshuhudia sabuni ikitoweka dukani bei ilipokuwa ndogo, kisha ikarudi kwa wingi bei ilipoachiwa, alikuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchora kwa mistari miwili inayokatana.

Katika mabadiliko hayo ndipo ulipotokea mpango wa chuo kikuu kisicho na madarasa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliunda kamati chini ya Nicholas Kuhanga, aliyekuwa ametoka kuongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ichunguze uwezekano wa kuanzisha chuo kikuu huria. Bunge lilipitisha Sheria namba 17 ya mwaka 1992, chuo kikaanza rasmi tarehe 1 Machi 1993, na masomo yakaanza mwaka 1994. Makamu mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mwanahisabati ambaye naye alikuwa amewahi kuiongoza Mlimani. Makao makuu ya kudumu yalikusudiwa kujengwa Bungo, Kibaha, lakini kazi ilianzia na ikaendelea Kinondoni, kando ya barabara ya Kawawa, jirani na viwanja vya Biafra. Shahada za mwanzo zilikuwa za sanaa, biashara na elimu, na katika hizo uchumi ulikuwa somo ambalo wengi hawakuweza kulikwepa.

Mfano ulioigwa ulikuwa The Open University ya Uingereza, iliyoanza kufundisha mwaka 1971 ikisaidiwa na televisheni na redio za BBC. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja wakati sheria ya chuo ilipopitishwa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, ila Bara ilisubiri hadi vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Chuo Kikuu Huria kilizaliwa, basi, kikiwa na karatasi tu. Mwanafunzi alipewa vitabu vya masomo vilivyochapwa, ambavyo mwanzoni vingine vilinunuliwa kutoka vyuo vya nje. Mara chache kwa mwaka aliitwa kwenye vipindi vya ana kwa ana, akafanya majaribio, kisha mtihani. Vituo vya mikoa vikafunguliwa nchi nzima, na Dar es Salaam, kwa ukubwa wake, ikapata vituo vya Kinondoni, Ilala na Temeke.

Waliojiandikisha walikuwa hasa walimu, askari, wauguzi, wahasibu na maofisa wa serikali. Hilo lina sababu. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza wafanyakazi kwa maelfu, na kuanzia 1992 mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa. Aliyebaki kazini alijua kwamba cheti cha zamani hakitamlinda, na hakuthubutu kuomba likizo ya masomo ya miaka mitatu maana huenda kiti chake kisingekuwapo atakaporudi. Aliamua kusoma akiwa kazini. Hapo kuna ukweli mzito: watu waliokuwa wakisoma soko la ajira katika kitabu walikuwa ndio walewale waliokuwa wakiogopa kutupwa nje na soko hilo.

Somo lenyewe lilikuwa gumu kwa njia ya pekee. Historia au fasihi unaweza kuisoma ndani ya daladala, ukiwa umesimama, kitabu mkono mmoja na bomba la juu mkono wa pili. Uchumi unataka meza, kalamu na rula. Mwanafunzi huchora mhimili wa bei wima na wa kiasi mlalo, anapitisha mstari wa mahitaji ukishuka na wa ugavi ukipanda, kisha anaulizwa nini kitatokea ushuru ukiongezwa. Akikosea mstari wa kusogeza, kila kinachofuata kinakosewa, na hakuna mwalimu wa kumshika mkono. Unyumbufu wa mahitaji unahitaji kugawanya asilimia kwa asilimia, na wengi walikuwa wameachana na hisabati kidato cha nne, miaka kumi au zaidi nyuma. Juu ya hayo kulikuwa na Kiingereza. Anayehudhuria darasa husikia mhadhiri akieleza kwa Kiingereza na kumalizia kwa Kiswahili. Kitabu hakina huruma hiyo.

Ndiyo maana vikundi vya kusoma viliota mapema, bila chuo kuviagiza. Walimu wa shule moja walikaa pamoja baada ya vipindi, na wafanyakazi walioishi mtaa mmoja walikutana Jumapili mchana. Aliyekuwa amesoma uchumi kidato cha sita aligeuka mwalimu wa wenzake. Vibanda vya kutoa fotokopi vikafanya biashara nzuri ya mitihani iliyopita na madesa, yale maelezo mafupi ya wanachuo yanayopita mkono hadi mkono mpaka maandishi yakafifia. Madesa yaliokoa wengi, na pia yaliwaharibu wengi, kwa sababu kosa la aliyeandika kwanza lilinakiliwa na wote waliomfuata.

Vitabu vilivyotegemewa vilikuwa vya nje, hasa vya Marekani na Uingereza, kama kile cha Paul Samuelson kilichotoka kwanza 1948 na cha Richard Lipsey cha 1963. Ni vitabu vizuri, lakini mifano yake inapita mbali na Tandika. Na vitongoji hivi ni hazina ya mifano. Kwenye soko la Temeke Sterio, mvua inapokata barabara ya shambani, tenga la nyanya hupanda bei ndani ya siku moja, na mwuza genge wa mtaani hapandishi bei ya fungu lake: anapunguza nyanya katika fungu, bei ibaki ileile mteja asikimbie. Tandale, kwenye nafaka, rumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ni kipimo kinachobeba mgogoro mzima wa nani ana nguvu ya soko, mkulima au mnunuzi.

Mfano ulio bora kuliko yote unapatikana kituo cha daladala. Nauli hupangwa na mamlaka ya usafiri, zamani SUMATRA na tangu 2019 LATRA. Mafuta yanapopanda bei na nauli ikabaki palepale, gari halitoweki kabisa barabarani. Dereva wa Mbagala hukatisha ruti: anashusha abiria wote katikati ya njia, anageuza, na abiria hao wanalipa nauli ya pili kumalizia safari. Kisheria nauli haijapanda hata senti moja. Kwa abiria imekaribia mara mbili. Kitabu hueleza kwa kurasa nyingi kwamba bei ikizuiwa, huduma hupungua ubora au wingi, na mwanafunzi wa Temeke ameshushwa njiani mara nyingi kiasi cha kuweza kuandika sura hiyo mwenyewe. Lakini mtihani haukumuuliza kuhusu daladala, naye hakudhani kwamba anaruhusiwa kuitaja. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kukosa vitabu.

Kompyuta ziliingia kidogo kidogo. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, mradi wa kurusha mihadhara kwa setilaiti hadi vyuo vya Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa miongoni mwa washirika wake. Makao yake yalihamishiwa Nairobi mwaka 2002. Mradi huo ulikuwa na kasoro ya wazi kwa mtu wa Temeke: kuutumia ilibidi afike Mlimani kwenye chumba cha vifaa, nako ndiko alikokuwa akishindwa kufika. Intaneti kafe zilimfaa zaidi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimeenea Kinondoni, Magomeni na Mwenge, zikitoza kwa dakika au kwa saa, na mwanafunzi alijifunza kupakua somo haraka, kulihifadhi kwenye diski na kulisomea nyumbani au kulichapa. Mgao mkali wa umeme wa 2006, mabwawa yalipokauka, ulifunga hata hizo kwa saa nyingi kila siku.

Badiliko kubwa lilipitia baharini. Julai 2009 nyaya za SEACOM zilianza kutoa huduma Dar es Salaam, na mwaka uliofuata zikaja za EASSy. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, ambayo ni ghali na ya polepole. Bei ya intaneti ilipoanza kushuka na simu za kisasa zikaenea, darasa lilihamia mfukoni. Chuo Kikuu Huria kiliweka masomo yake kwenye mtandao kwa programu ya Moodle. Wakati huohuo mihadhara ya bure kutoka nje, ya Khan Academy na, kuanzia 2012, ya Coursera na edX, ikampa mwanafunzi wa Mbagala nafasi ya kurudia maelezo ya unyumbufu mara nyingi anavyotaka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,775,049 wilaya ya Kinondoni na 1,368,881 wilaya ya Temeke, kila moja ikiwa imeuzidi mji mzima wa Dar es Salaam wa wakati karatasi za kwanza za posta za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima zilipotumwa. Kwa wingi huo, hakuna jengo ambalo lingetosha.

Gharama ilibadili sura tu. Zamani mwanafunzi alihesabu nauli na fotokopi, sasa anahesabu bando. Video ya dakika kumi inaweza kumaliza kifurushi kidogo cha siku, na wengi huweka kengele ya saa nane au tisa usiku wapakue masomo kwa bando la usiku lililo rahisi. Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika na kupanda ghafla, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilizisimamisha haraka.

Machi 2020 serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, na vyuo vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika miezi hiyo ilionekana wazi nani alikuwa tayari kufundisha kwa mbali na nani hakuwa. Vyuo vingi vya kawaida vilisimama kabisa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, waliozoea kusoma peke yao tangu mwanzo, walikuwa na vitabu vyao, Moodle yao na mazoea yao. Tangu hapo vyuo vingine navyo vimeongeza masomo ya mtandaoni, na mwanafunzi wa Kinondoni anayeanza uchumi ana njia za kuchagua ambazo karani wa kota za Temeke asingeweza kuziwazia.

Lugha ndiyo haijahama. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini vitabu, video na mitihani ya uchumi ya vyuo vikuu vimebaki katika Kiingereza. Kazi ya kueleza kwa Kiswahili inafanywa na wanafunzi wenyewe. Katika makundi ya WhatsApp ya wanaosoma kwa mbali, mmoja aliyeelewa hupiga picha mchoro aliouchora kwa mkono, akaambatanisha sauti ya dakika tatu nne: mstari huu umesogea kulia kwa sababu mishahara imepanda, huu haukusogea, bei mpya ni hapa. Mara nyingine nyuma ya sauti kunasikika konda akiita abiria. Wengine husikiliza wakiwa kwenye foleni ya magari, na kabla ya mtihani sauti hizo husambazwa tena kutoka kundi hadi kundi, pamoja na masahihisho ya waliogundua kosa.